Tope la Hafidha Chini ya Mkorosho

Hii hamtaiamini, wala sitawalaumu. Hata Ruangwa, kwa watu wanaoamini kila kitu isipokuwa bei ya ufuta, waliguna waliposikia kwamba mwanamke wa Marambo alilimenya tope kama muhogo.

Hafidha anasoma chuo kikuu, na akili amerithi kwa mjomba wake, ingawa mjomba mwenyewe aliachana na shule kwenye kengele ya uji. Anachosomea ni vumbi la maua. Wenyewe wanaliita chavua. Lina ganda gumu, likizama kwenye tope hukaa maelfu ya miaka bila kuoza, na la kila mti lina umbo lake. Hafidha hulitazama kwa hadubini, akajua tabaka lipi ni la zamani gani. Akikuta mkorosho, anajua tope hilo si la kale sana, maana mkorosho uliletwa na merikebu za Wareno. Chini ya hapo usionekane kabisa.

Agosti ile alichimba kwenye kinamasi cha Mbwemkuru, akatoa mche wa tope mzima, mrefu kama muwa, akauviringishia nailoni. Mvua zikianza kinamasi kinajaa, hakuingiliki. Tope lile likiharibika, na masomo yameharibika. Akapitia kwa mama yake Marambo, akalilaza kwenye ubao barazani, akaenda Nachingwea mjini kutafuta gari.

Aliporudi, nailoni ilikuwa imeanikwa kwenye kamba. Tope lilikuwa juu ya mkeka, chini ya mkorosho uliochanua, nalo limenyunyiziwa maua.

"Nimekuokolea mzigo wako," alisema Mwantumu, mama yake. "Kitu kibichi hakifungwi nailoni, mwanangu. Kingevunda."

Hafidha alichuchumaa. Aliona vumbi la maua mapya juu ya tope la mababu, akaona hadubini ikimwambia kwamba watu walikula korosho kabla merikebu haijafika.

Mwantumu alimtazama usoni. "Nimekuharibia?"

Mtoto mwingine angefoka. Huyu alimshika mama mkono. "Maua yameangukia ngozi tu, mama. Ndani huenda ni safi. Muhogo ukidondoka mchangani tunafanyaje?"

"Tunaumenya."

"Basi nishikie huku. Usitetemeke."

Wakalibeba hadi ndani, wakafunga mlango na dirisha. Hafidha alikwangua ngozi ya tope taratibu, kila mkwaruzo akifuta kisu, mama akishikilia kama anayeshikilia mtoto akinyolewa. Kikabaki kiini. Wakakifunga nailoni mpya, na safari hii Mwantumu hakubisha.

Wiki zikapita. Mwantumu alikuwa hali chakula vizuri. Ndipo simu ikaita.

"Mama, mkorosho upo tabaka za juu tu. Chini ni miti ya porini na nyasi. Tope letu zima."

"Sema tena," alisema Mwantumu, akakaa chini palepale uani, kanga mdomoni.

Hapo ndipo mwanamume huonekana. Mjomba, aliyekuwa kando yake, hakutikisa hata ukope. Alisimama imara kama nguzo ya umeme, akampokea dada yake simu, na kwa sauti kavu kabisa akamwambia mpwa wake kwamba yeye tangu mwanzo hakuwa na wasiwa—

"Mjomba, futa hapo. Uliilowesha simu ya mama kwa machozi, ikabidi Dada Raudha wa jirani ndiye aniage."