Komeo la Chumba cha Maigizo

Pua ya Mama Komeo ilikuwa imepinda kushoto, na aliyeipinda ni mumewe. Meno mawili ya mbele nayo yalikwenda siku ile ile, kwa ngumi ile ile, kisa mboga ilizidi chumvi. Majirani walipouliza alijibu kwamba ameanguka kwenye ngazi. Nyumba yao ilikuwa ya chini, vyumba viwili tu, haina hata kizingiti cha maana. Ngazi angeitoa wapi? Majirani wakasema pole, wakaenda zao, na ugomvi ulipoanza tena wakaongeza sauti ya redio. Watu wema sana hao, Mungu awalipe wanachostahili.

Ngumi ilikuwa ya haraka haraka. Mume akiwa na nafasi alivua mkanda, mkanda mpana wa ngozi wenye chuma kizito mbele. Ukimpiga mtu hutoa milio miwili: ngozi kwanza, kisha chuma. Mtoto wao wa pekee, wa kiume, alilala na milio hiyo tangu akiwa mchanga. Mzee alipokufa, kwa pombe yake mwenyewe, aliacha mkanda umening'inia msumarini na mjane aliyejikunyata kila mtu alipopandisha sauti. Ndipo shoga yake akamshika mkono, akampeleka kituoni.

Kituo chenyewe ni nyumba ya ghorofa moja iliyokuwa bohari ya nguo. Si cha serikali, si cha dini, wala hakina mfadhili wa kukipangia la kusema. Kinaishi kwa ada za wanaotibiwa na wanaosoma. Chini watu hutibiwa nafsi kwa mazungumzo. Juu hufundishwa historia, falsafa na ushairi, kwa kuwa Daktari aliyekianzisha, mama mfupi mwenye sauti ya chini, anaamini mtu haponi kwa kujichungulia mwenyewe tu. Sharti ajue na wenzake waliishi vipi. Wapita njia wanakiita nyumba ya vichaa wasomi. Mama Komeo aliingia mgonjwa, akapata nafuu, akabaki kuwa bawabu.

Jina alilipata kwa sababu ya mlango mmoja. Mwisho wa korido kuna chumba cha maigizo, na kila Alhamisi wagonjwa wa kundi huigiza humo ugomvi wa nyumbani kwao. Mwenye kisa hueleza, Daktari huchagua mwenzao acheze mume, au baba, au yeyote aliyemuumiza, na hapo hutapikwa kila kilichokaa kooni. Watu hupiga mayowe, hutukana, hutwanga godoro lililoegemezwa ukutani. Zamani ndugu waliowasindikiza walikuwa wakivamia kuwaokoa, kwa hiyo Daktari akaweka komeo kwa nje, kipande kinene cha chuma kinachochomolewa chote, akamkabidhi bawabu pamoja na masharti. Asifungue mpaka kengele ya mkono ilie ndani. Na watu wa nyumba moja wasikae kundi moja, kamwe.

Mtoto akakua, akawa fundi magari hodari, akaoa binti mpole mshonaji. Siku moja binti huyo alikuja kwa mama mkwe wake jicho limevimba mpaka limefumba.

"Nimeanguka, mama."

"Kwenye ngazi?"

Mkwe aliitikia kwa kichwa. Nyumba yao nayo ilikuwa ya chini. Mama Komeo akachota maji, akamwosha uso. Wiki hiyo hiyo alimwingiza kwenye kundi la Alhamisi na kumtafutia pa kulala kwa yule shoga yake wa zamani. Mwanawe alipouliza mkewe yuko wapi, alimwambia hajui.

Miezi ikapita. Kisha mwana akaja, akapiga magoti kwenye sakafu ya mama yake.

"Mama, nimekuwa kama baba. Sitaki. Nitibiwe na mimi."

Alilia mpaka kamasi. Mama mwenye mtoto mmoja akililiwa hivyo, akili huenda likizo. Kituo kilikuwa na kundi la Jumatatu, la wanaume wapigaji, na huko ndiko angempeleka. Lakini mama alitaka makubwa zaidi. Alitaka mwanawe asikie kwa masikio yake aliyoyatenda, moyo umvunjike, amwombe mkewe radhi, na warudi nyumbani wameshikana mikono. Akamwambia Daktari kwamba huyu ni fundi tu anayefahamiana naye, anasumbuliwa na hasira.

"Mkeo atakuwepo," alimwambia mwanawe. "Utakaa nyuma, utasikiliza, hutasema neno."

"Sitasema neno, mama."

Kiunoni alikuwa amevaa mkanda wa baba yake. Mama Komeo aliuona, akajiambia mkanda ni mkanda.

Alhamisi mkwe aliingia mapema, akakaa ameupa mlango mgongo. Fundi akaingia wa mwisho. Mama Komeo akasukuma komeo, akavuta kigoda chake karibu na mlango.

"Leo tunamsikiliza mshonaji," ilisikika sauti ya Daktari. "Nani atacheza mume?" Kisha akachagua mwenyewe. "Wewe mgeni, jaribu. Njoo mbele."

Mama Komeo alinyanyuka kwenye kigoda. Akaweka mkono kwenye komeo, akautoa. Pengine ni Mungu ameingilia kati, aliwaza.

"Huyu ni mume wangu," mkwe alisema.

"Vizuri. Mwambie basi mume wako."

"Daktari, si mchezo. Ni mume wangu wa kweli."

"Tunakuamini. Endelea."

Kundi likapiga makofi, kama linavyopiga siku zote mtu anapozama kwenye kisa chake. Kiti kikaanguka. Yowe likafuata, na jingine. Mwalimu wa historia, aliyekuwa akishuka kutoka juu, alisimama akatega sikio.

"Leo wamekolea kweli."

"Ndiyo tiba yenyewe, mwalimu," Mama Komeo alijibu.

Mwalimu akaenda zake. Katika jengo zima, nje ya chumba kile, ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba mkwe anasema kweli, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri kengele. Alijiambia wacha wagombane, wacha wamalizane, watapatana. Ndipo aliposikia ngozi, kisha chuma. Godoro halina mlio huo.

Alichomoa komeo. Mkwe alikuwa pembeni mwa chumba, chini, sikio limechanika, damu imemwagika begani. Mume alikuwa amemkanyaga nywele ili asisogee, na kila pigo alilisindikiza na maneno yale yale: "Unanificha, unanificha." Daktari alikuwa magotini, mdomo umepasuka, akipapasa chini ya viti kuitafuta kengele iliyopigwa teke. Karani mmoja mzee wa kundi aliyejaribu kuamua ugomvi alikuwa amerushwa ukutani, na waliobaki walikuwa wamejibana kwenye kona, ndiyo kwanza wanaelewa.

"Acha," Mama Komeo alisema.

Mwanawe aligeuka, na uso ulikuwa wa marehemu baba yake, mshipa wa kipajini na yote.

"Toka, mama. Haya ni ya mtu na mkewe."

Baba yake alikuwa akiwaambia majirani hivyo hivyo. Mama Komeo alishusha chuma cha komeo kwenye mkono ulioshika mkanda, na mfupa ukasikika ukivunjika. Mwana akamjia kwa mkono wa pili, mama akamtwanga chuma cha goti. Akaanguka. Mama akampiga akiwa chini, mgongoni, begani, tena na tena, akilitaja jina la mumewe, mpaka Daktari alipomkumbatia kwa nyuma na kumvuta. Ilibidi kumkunjua vidole kimoja kimoja ndipo chuma kikamtoka mkononi.

Hospitali waliwekwa benchi moja, mama katikati. Askari mnene, amechoka, alifungua kalamu na kumtazama fundi.

"Mama," mwana alinong'ona, "mwambie nimeanguka."

"Kaanguka wapi?" askari aliuliza. Alikuwa tayari kabisa kuandika hivyo.

"Hakuanguka," Mama Komeo alisema. "Nimempiga mimi, kwa chuma. Na yeye alimpiga mkewe, kwa mkanda wa baba yake. Aliyemwingiza chumbani ni mimi, na aliyewafungia ni mimi. Andika yote."

Askari aliandika taratibu. Mkwe aliondoa kitambaa sikioni.

"Niliposema ni mume wangu," aliuliza, "ulinisikia?"

"Nilikusikia, mwanangu."

Mkwe alikirudisha kitambaa sikioni, akanyanyuka akishika ukuta, akaenda kukaa kwenye benchi la mbali karibu na mlango.