Mzigo wa Mtu Aliyeshika Sailensa

Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu Kabula, mkunga wetu Mama Tabu, na dereva Hamisi. Wenzangu watatu hawakumwona mtu nitakayekusimulia. Una haki ya kunitilia shaka, lakini jambo hili lilinipata mimi, nikiwa macho, na jua likiwaka.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Wazazi wetu walikwishafariki. Mimi mkubwa niliacha shule darasa la nne, nikawa utingo wa lori la kijiji chetu huko Lusu. Ndugu niliyebaki naye ni Kabula tu. Siku hiyo uchungu wa uzazi ulimshika, mtoto akakataa kutoka. Mama Tabu akasema, "Hapa mimi nimefika mwisho. Hospitali Tabora, upesi!"

Kwenye mchanga wa njia ya zamani ya wapagazi, lori likaanza kukohoa, kisha likashindwa kuvuta.

"Linakohoa kuliko marehemu babu yangu," Mama Tabu alifoka kutoka nyuma, "na yeye kikohozi kilimuua!"

"Sailensa imeziba masizi, moshi hautoki," Hamisi akaniambia. "Ing'oe, twende na kelele zetu."

Nikaingia uvunguni. Boliti zilikuwa zimeliwa na kutu, bomba linaunguza, na juu yangu Kabula analia. Nikaita, "Hamisi, shika upande huo!" Mikono ikashika. Boliti zikalegea kama zimepakwa samli, sailensa ikashuka mchangani polepole. Ndipo nikaona miguu mitupu yenye njuga. Hamisi na njuga wapi na wapi?

Nilipotoka, Hamisi alikuwa kwenye usukani. Kando ya njia alikaa mtu, vumbi mwili mzima. Mzigo wake ulikuwa chini, umefungwa kwa kaniki, mdogo tu. Nikamwamkia shikamoo. Akanijibu kwa Kinyamwezi cha kale, "Wako nimekutua. Nitwike wangu."

Kwetu, aliyekutua humwachi na mzigo chini. Nikainama. Niamini, gunia la mpunga nilikuwa nalinyanyua peke yangu, lakini ule haukutikisika.

"Bado," akasema bila hasira. "Utarudi."

Nikauacha, nikarukia lori, tukaondoka. Unajua lori lisilo na sailensa linavyonguruma? Letu halikutoa sauti. Tulielea. Nje nilisikia nyayo nyingi na njuga, watu wakiimba kwa sauti ya chini, kama waliotubeba. Kabula akatulia, akasinzia. Tulipoingia Chemchem, mtaa wa Tabora mjini, ndipo mngurumo ukalipuka, watu wakatoka majumbani wakitutukana. Mtoto akazaliwa hai, na mama yake akapona.

Sasa nina mvi. Kila gari ninalopanda kwenye njia ile huzimika pale pale. Nashuka. Nakuta mzigo bila mwenyewe. Abiria wenzangu wanaona kichuguu. Nauinamia hivyo hivyo, wakicheka. Safari iliyopita ulitikisika kidogo.

Nawe ukipita huko ukamkuta mtu amekaa na mzigo wake chini, mtwike kwanza, kabla hujamwomba lolote. Mimi nilitangulia kuomba, na mzigo wake mpaka leo uko chini.