Moto wa Kumngoja Levina

Theodosia wa Katindiuka alikuwa na kichwa kigumu, na waliomjua walimpenda hivyo hivyo. Mumewe, Valentino, alikwenda kuvua kambale mto Kilombero ukiwa umefura, asirudi, na hata maiti yake haikuonekana. Kwao kulikuwa na desturi: mtu wa nyumba akiwa majini, moto wa jikoni hauzimwi, na mwanamke aliyeuwasha halali ugenini mpaka msafiri akanyage nchi kavu. Siku zile Theodosia alikuwa Namawala, kwa shemeji yake, akisaidia kuvuna mpunga na kulala huko huko. Nyumbani moto ukazimika. Nani angemweleza kwamba mto haujui habari za mafiga? Alijihukumu mwenyewe, na hukumu ile haikuwa na rufaa.

Basi binti yake pekee, Levina, alipopata kazi ya ubaharia kwenye meli ya mizigo iendayo Uchina, Theodosia alisukumia kisiki kinene jikoni, akaapa kwamba safari hii moto hautazimika wala yeye hatalala ugenini. Harusi zilimpita, misiba ilimpita. Majirani wakamtania, "Mama Levina, unachemsha ng'ombe mzima?" Naye akawajibu, "Chungulieni vyungu vyenu!"

Mwezi wa tano akapigiwa simu na Agnetha, mtoto wa dada yake Restituta, aliyekuwa akiishi Kiberege.

"Shikamoo, mama mdogo. Mama hali yake si nzuri. Anakuulizia kila siku."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie nakuja, Levina akishafika tu."

Jamani, Kiberege! Ni kupanda basi asubuhi, na jua halijawa kali umeshashuka. Lakini kwenda ni kulala, maana mgonjwa aliyezidiwa humsalimii mlangoni ukageuza. Wiki zikapita. Meli ilikuwa katikati ya bahari na simu ya Levina haipatikani. Agnetha akapiga tena, Theodosia akajibu yale yale, kisha akakaa mbele ya mafiga akalia kwa sauti. Mama yao alipofariki, Restituta ndiye aliyemlea. Theodosia alimpenda dada yake kuliko alivyowahi kumwambia.

Alasiri moja simu ikaita, na sura ya Levina ikatokea kwenye kioo. Katindiuka jua lilikuwa linachoma, ila kule alikokuwa binti usiku ulishaingia.

"Mama, tunaingia bandarini! Tulikuwa kwenye ukungu, hata mbele ya meli hatukuona. Tazama ule mnara." Akageuza simu. Mbali gizani taa iliwaka, ikazimika, ikawaka tena. "Ni mpya. Pwani hii wamejenga mingine mingi. Ndiyo inayotuonyesha njia."

Theodosia akasogeza simu karibu na macho. "Nani anauchochea?"

"Hakuna mtu, mama. Uko peke yake juu ya mwamba. Unajiwasha wenyewe kwa umeme wa jua."

"Hata mwanamke mmoja hakuna?"

"Hata mmoja." Levina akacheka, kisha akauliza, "Na mama mkubwa anaendeleaje?"

Theodosia akageuka akatazama kisiki kinachofuka moshi.

"Mama! Bado hujaenda?"

Hakungoja hata meli ifunge gatini. Alikivuta kisiki nje, akakimwagia ndoo nzima ya maji, akiogopa alichokuwa anakifanya. Akajifunga kanga, akaita bodaboda, akamwambia kijana aende mbio.

Alifika Kiberege jua likizama. Uani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka. Agnetha akaja kumpokea, macho yamevimba.

"Pole, mama mdogo. Mama ametutoka leo mchana."

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi. "Nilikuwa na moto, Agnetha. Nilikuwa namngoja Levina. Nisingeweza kuuacha."

Agnetha hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alichuchumaa akamshika mabega.

"Mama alijua. Tangu siku ile ya kwanza uliposema unakuja, alitukataza kuzima taa ya barazani. Alisema, 'Mdogo wangu atafika kwa kuchelewa, asije akajikwaa.'"