Kiti Chekundu cha Mama Mwansa

Jirani yangu Falonne anaishi kwa kushona mapazia ya nyumba za watu. Hapa mtaani kwetu Kampemba tunagawana ukuta mmoja, yeye upande wake na mimi wangu, na cherehani yake ya kukanyaga ndiyo inayoniamsha kila asubuhi. Ana miaka arobaini na mmoja, ni mwembamba, mchapakazi, na ana ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari anayeutibu, nao ni woga. Akichemsha maji anaogopa yataunguza mtu. Simu ya mumewe Gauthier, dereva wa malori, ikichelewa nusu saa, yeye ameshamwona amepinduka kwenye barabara ya Kasumbalesa. Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili, watu bado wananiita Maîtresse, na sina subira na waoga. Nilimwambia hivyo mara nyingi. Mwezi wa nane mwaka huu, lakini, alikuwa na sababu ya kuogopa, na aliyemletea sababu hiyo ni mimi.

Falonne anakaa na mama mkwe wake, Mama Mwansa, mjane wa fundi wa reli. Msifikirie ni yale mambo ya mama mkwe tunayoyajua. Falonne alifiwa na mama yake akiwa na miaka kumi na sita, akaolewa hajui hata kusonga bukari, ugali wetu. Mama Mwansa hakumcheka. Alimfundisha kupika, akamkalisha kwenye cherehani yake mwenyewe, na Falonne alipopoteza mimba mbili, watu wa ukoo wakaanza kunong'ona, mama huyo alisimama mlangoni akawaambia kwamba atakayemsema Falonne atakuwa amemsema yeye. Maneno yaliishia pale. Kwa hiyo Falonne ana mama mmoja tu duniani, na ndiye huyo.

Sasa nieleze habari za salon, sebule yake. Mwaka jana Falonne alipata kazi ya kushona mapazia katika nyumba kubwa za mtaa wa Golf, akarudi na macho yanayong'aa. Huko, alisema, kila kitu ni rangi ya krimu. Basi naye akafanya krimu. Kuta krimu, viti akavivalisha vitambaa vya krimu, mapazia krimu, zulia krimu. Mlango wa kijani wa kwenda vyumbani ukapakwa krimu. Sahani ya shaba iliyochongwa, ambayo marehemu baba mkwe alipewa siku ya kustaafu, ikaingia chini ya kitanda. Kiti chekundu cha marehemu, kile cha velur, yaani mahameli, kikatolewa nje. Nilicheka sana. Katika mji huu ambao vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chumvi, mtu anataka salon nyeupe. Nilimwambia anaishi ndani ya chupa ya maziwa. Hata hivyo kile kiti nilikichukua, nikakiweka kwenye barza yangu, mbele ya mlango, kwa sababu kilikuwa bado kizima.

Tangu hapo Mama Mwansa akaanza kuanguka. Aligonga meza ndogo ya kioo, akachubuka goti. Alikaa pembeni mwa kiti badala ya katikati, akateleza hadi chini. Mwezi wa saba alijikwaa kwenye kipandio cha kuingilia ujia wa vyumbani, akavimba shavu zima. Kwenye kituo cha afya walimpima presha, wakampa vidonge. Yeye mwenyewe alisema ni miguu. Falonne alianza kushona mlango ukiwa wazi ili amsikie akitembea, na kila kishindo kilimfanya aruke kitini.

Mimi nilipoliona lile shavu nilikasirika. Nilimpigia simu Céline, binti wa Mama Mwansa, aliyeko Kolwezi, nikamwambia mama yake anaumia. Nilisema kwa hasira, na mtu akisema kwa hasira anasema zaidi ya alichokiona. Céline hakunijibu mengi. Alimpigia Falonne, wifi yake, kwamba Jumamosi anakuja.

"Mulamu, samedi niko nakuya. Nikikuta mama iko na kidonda ingine, nitaenda naye ku Kolwezi. Sitaki mambo mingi."

Falonne alivuka kuja kwangu akiwa bado ameshika simu. Hakunilaumu, na ingekuwa afadhali kama angenilaumu. Alikaa kwenye ngazi ya barza. "Maîtresse, batasema namutesaka. Na yeye akienda, miye nitabakia na nani?"

 Ilikuwa Jumatano, saa kumi alasiri, na wakati huohuo Mama Mwansa akatokea kwenye uchochoro wetu, kama kila siku. Alipita kando ya beseni la bluu la nguo, akapanda ngazi zangu mbili zenye ukingo mweusi, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chekundu, akakaa. Kwa mwaka mzima nilidhani anakuja kwa ajili ya mazungumzo yangu.

Falonne aliinuka polepole. "Angaria, Maîtresse," alininong'oneza. "Kwetu anapapasaka kiti na mukono mbele ya kuikala. Hapa hapapase."

Tulitazamana. Falonne alimrudisha mama hadi mlangoni kwao, akatangulia ndani, akavua kitambaa chake chekundu cha kichwa, akakitandika juu ya kiti kimoja cha krimu. Mama Mwansa aliingia, akaenda pale pale penye chekundu, akakaa katikati kabisa. Kisha Falonne alimpa maji katika kikombe cheupe, akakiweka juu ya kitambaa cheupe cha meza. Mama alinyoosha mkono, akashika hewa.

Mtu mwingine angekaa akafikiri. Falonne hawezi, hofu yake iko mikononi. Alhamisi nzima alimwaga gunia lake la masalio ya vikwembe, yaani vitenge, akashona. Viti vyote vikapata nguo mpya: kimoja ndege, kingine samaki, kingine funguo na taa. Matakia manane, hakuna linalofanana na jingine. Sakafuni akatandika kikwembe kikubwa cha manjano chenye maua meusi ya ukubwa wa sahani. Nilisimama mlangoni nikafurahi, nikasema hatimaye hii ni nyumba ya watu. Mimi ndivyo nilivyo, nasifu mapema.

Mama Mwansa alifika kwenye kizingiti akasimama. Aliinua mguu juu sana, akalivuka ua la kwanza kama mtu anayevuka dimbwi. Akainua tena, akalivuka la pili. Kwenye la tatu alipepesuka, na Falonne akamdaka kwa blauzi kabla hajafika kwenye meza ya kioo. Wote wawili wakaketi sakafuni, katikati ya yale maua.

"Mama, unaona nini?" Falonne aliuliza.

"Naona muzuri."

"Mama."

Mzee alipapasa ua lililokuwa karibu. "Chini iko na mashimo," alisema.

Halafu yakatoka yote, bila machozi, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayesimulia bei ya unga. Macho yalikuwa na ukungu kwa miaka miwili, kwanza la kushoto. Mwanzoni haukumsumbua sana. "Nilikuwa najua. Kiti ya Baba iko nyekundu, mulango iko vert, meza iko na kitambala ya bleu. Nilikuwa natembea na ile. Kisha ukaondosha yote, na miye nikaona maziwa tupu."

"Sababu gani haukusema, Mama?"

"Ningalisema, Céline angalikuya kunikamata. Miye sitaki kutoka hapa. Na weye ulikuwa na furaha na salon yako."

Falonne aliweka kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe wake, akalia. Alikuwa akirudia neno moja: "Ni miye nilikuwa namuangusha." Mimi niliangalia ukuta, maana niliyemsema vibaya kwa simu ni huyu, na niliyekaa na mama huyo kila alasiri bila kuona lolote ni mimi.

Mama Mwansa alimpapasa mgongoni, akasema jambo moja tu. "Hapana kumuambia Céline." Falonne akaahidi. Nilisema ni upuuzi, kwamba macho yanatibiwa na binti lazima ajue, lakini wote wawili walinigeuzia uso mmoja wa hofu na nikafunga mdomo.

Ijumaa tulianza upya. Safari hii mama ndiye aliyekuwa akiamuru, amekaa, na Falonne akishona. Kitu kimoja, rangi moja, hakuna maua. Meza ya kioo ikatolewa, ikaja ya mbao, na juu yake kitambaa cha bluu ya giza. Mlango wa ujia wa vyumbani ukapata pazia la kijani. Hénoc, muuza makaa wa pale kona, alitupatia mkebe wa rangi ya manjano uliobaki alipopaka kibanda chake, na Falonne akachora mstari mpana kwenye ukingo wa kile kipandio. Viti vikapata vifuniko vya rangi ya machungwa hadi kitambaa kikaisha, kikabaki kimoja karibu na ukuta na krimu yake. Kuta tuliziacha, kwa sababu mama alisema vitu vinaonekana vizuri zaidi mbele yake. Sahani ya shaba ikarudi juu ya redio, ikashika mwanga wa dirishani. Mwisho tukabeba kiti chekundu kutoka barza yangu, Hénoc mbele, mimi nyuma. Kusema kweli kiliniuma, nilikuwa nimekizoea.

Ile salon ndogo ikawa na joto. Ungeweza kukaa mle na kikombe cha chai usiondoke. Mama Mwansa alitembea kutoka kitini hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Falonne alimfuata hatua mbili nyuma, mikono imenyooka, na hakuishusha hadi jioni.

Jumamosi Céline alishuka kwenye teksi saa nne kasoro. Ni katibu ofisini, mwanamke nadhifu. Alivaa gauni la krimu na kilemba cha krimu, na mkononi alikuwa na begi kubwa, tupu. Falonne alipoliona lile begi alijua ni la nguo za mama. Mama bado alikuwa chumbani anavaa. Céline alitusalimu kwa sauti ya chini, akaweka kidole mdomoni.

"Hapana kumuita. Nataka nimuone namna anatembea."

Akakaa kwenye kile kiti kimoja kilichobaki na krimu, akaegemea ukuta. Falonne alisimama karibu na dirisha akisokota pindo la kikwembe chake. Nilisikia anavyopumua.

Pazia la kijani lilisogea. Mama Mwansa akatoka, akainua mguu vizuri juu ya mstari wa manjano, akapita kando ya meza ya bluu, akaenda kwenye kiti chekundu, akakaa katikati. Hakupapasa. Nilimtazama Céline, nikaona mabega yake yameshuka, ameridhika. Ilikuwa imekwisha. Falonne alikuwa ameshinda.

Ndipo mama akapanga nguo yake magotini, akageuza uso kuelekea dirishani.

"Falonne," alisema, "Céline anafika saa ngapi? Niko naogopa. Kama anakuuliza mambo ya macho yangu, useme naona muzuri."

Céline alikuwa mbele yake, hatua tatu. Hakuna aliyejongea.  Céline aliinua mkono wake polepole, akaupunga, na uso wa mama yake haukubadilika hata kidogo.

Nilimwangalia Falonne. Ningeelewa kama angekimbia. Lakini alifungua kikwembe chekundu alichojifunga kiunoni juu ya sketi, akavuka chumba, akamfunika Céline mabegani.

Mama Mwansa aligeuza kichwa mara moja. "Nani iko pale?"

"Ni miye, Mama," Céline alisema.  "Niko hapa tangu uingie."

Mama alijikaza kitini, akakamata mikono yote miwili ya kiti cha mumewe. Nadhani alidhani wanaanza kumbeba palepale. Céline alipiga magoti mbele yake, kile kikwembe kikiburuta sakafuni, akamshika uso, akayaangalia yale macho kwa karibu, moja baada ya jingine. Kisha akamgeukia Falonne.

"Mulamu, ni weye ulifanya hii yote?"

"Ni miye," Falonne alisema. "Na kwanza ni miye niliharibisha." Na akaieleza habari yote, ile krimu, kuanguka, maua meusi, bila kujitetea hata neno moja. Hapo nami nikasema la simu yangu. Sikulifurahia.

Céline alikaa muda mrefu amepiga magoti. Alisema Jumatatu wataenda wote kwa daktari wa macho, na juu ya hilo mama asibishane. Mama hakubisha. Alikuwa akiwaza lingine.

"Céline," alisema, "kwako ku Kolwezi, salon iko rangi gani?"

Céline alitazama gauni lake, akatazama begi pale chini.

"Crème, Mama."

"Yote?"

"Yote."

"Basi nitabakia na Falonne," mama alisema, akaachia mikono ya kiti. Céline akalikunja lile begi tupu, na Falonne akakaa sakafuni kando ya kiti chekundu.