Mbegu za Pamba na Kalamu Yangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoingia kijiji cha Lusangi kwa baiskeli kuomba kura, suruali imepigwa pasi na kichwa kimenivimba.

Mbelgiji alikuwa karibu kuondoka Kongo. Mimi nilikuwa mhariri wa gazeti dogo la Kasongo, kurasa nne za kupigwa taipu. Watu walinisoma wakacheka, nami nikadhani anayechekesha watu anaweza pia kuwaongoza. Nikagombea kiti cha baraza.

Sasa sikia upumbavu wangu. Miaka michache nyuma niliandika mzaha kwamba Mzee Ramazani, mkulima wa Lusangi, huchemsha mbegu za pamba kabla ya kuzipanda ili zisiote. Pamba ilikuwa ya lazima kwa amri ya serikali, ikila nafasi ya mihogo, na wengine walifanya hivyo kimyakimya. Yeye hakufanya. Niliokota neno sokoni, sikuuliza. Sisi tulicheka, Mzungu wa kilimo hakucheka. Ramazani akafungwa gereza la Kabambare miezi miwili. Neno likitoka halirudi.

Basi siku ile nilimwomba radhi mbele ya watu, kwa sauti tamu. Naona haya kusema, lakini nilikuwa nikiwaza kura za ukoo wake. Mzee akatabasamu, akanipa mkono. Mkewe, Mama Zaina, akasimama.

"Yeye amekusamehe. Miye bado," alisema. "Alipokuwa mu gereza, nililima pamba yake na mimba iko mu tumbo. Ulimutukana mu gazeti, ikafika mpaka Kabambare. Sasa musamaha unaleta na mudomo, uishie hapa ku mulango?"

Nikamwambia nitaandika kosa langu gazetini uchaguzi ukipita.

"Hapana. Andika mbele ya uchaguzi, siyo nyuma yake. Na miye sina kura ya kukupa."

Kweli hakuwa nayo. Kura zilikuwa za wanaume tu. Maneno hayo yalinichoma, mwanangu, kwa sababu tangu nifike sikuwa nimemtazama hata mara moja.

Nikarudi Kasongo, nikaandika kosa langu ukurasa wa kwanza, pale pale tulipotenga kwa ajili ya sifa zangu. Rafiki yangu aliyezungusha mashine ya kuchapia aliniita mwehu. Mpinzani wangu akalitembeza gazeti lile kijiji kwa kijiji, akisema mwongo amekiri mwenyewe. Nikaanguka kwenye kura. Niliumia sana, sitakudanganya.

Miezi ikapita. Nikapita tena Lusangi, sina la kuomba. Mama Zaina akanitolea kigoda nikae, na sahani ya chakula.

"Mwalimu alinisomea gazeti yako," akasema. "Ikala, ukule."

Mwanangu, ulimi hauna mfupa, na kalamu ni ulimi wenye miguu. Ukimvunjia mtu heshima hadharani, usimwombe radhi pembeni; mrudishie jina lake pale pale ulipolichafua, hata kama utapoteza. Na ukitaka kujua kama toba yako ni ya kweli, ipeleke kwanza kwa asiye na cha kukupa.

Mungu akulinde mkono unapoandika, na akujalie kula kwa amani katika kila nyumba uliyoikosea.