Siku Niliyoshindwa na Kiti

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyoshindwa na kiti. Si kiti cha enzi. Kilikuwa kiti cha plastiki cha kukodi, mguu mmoja umepinda, kwenye harusi mjini Muyinga. Nilikaa juu yake tangu adhuhuri hadi watu wanakunja mahema, na hakuna aliyenifunga kamba.

Jana uliniuliza, huku ukificha kicheko, kama ni kweli niliwajua Bukuru na Butoyi kabla redio haijawajua. Niliwajua. Mapacha hao, kaka na dada, waliteremka kwa miguu kutoka Gasorwe wakaingia kwenye kibanda cha Mzee Saidi, fundi cherehani aliyenifundisha kazi. Mimi nilikuwa kijana, nimerudi na wazazi kutoka Tanzania nikiwa na elimu yangu ya sekondari na sababu hamsini za kutotoka nyumbani. Kazi ya kukaa ilinifaa sana. Bukuru alileta suruali iliyochanika magoti. Akiisubiri, amejifunga kitenge cha dada yake kiunoni, akatoa ikembe, ile ala ndogo inayopigwa kwa vidole gumba, na Butoyi akaimba. Nilishona mguu wa suruali ukazibika kabisa, sina habari. Nikafumua, nikashona tena, polepole na kwa makusudi, ili wasiondoke. Ushabiki wangu ulianzia hapo.

Wakawa wanapita kila siku ya soko. Siku moja Butoyi hakuimba. Alisema baba yao amechoka.

"Amesema ikifika kupanda maharage, kama hakuna mtu wa maana ametusikia, ikembe itaingia motoni na sisi tutashika jembe, basi."

Ilikuwa imebaki harusi moja tu. Mjomba wa bibi arusi alikuwa bwana wa Bujumbura mwenye studio ya kurekodi nyimbo, na mimi nilikuwa mwalikwa, kwa kuwa nilishona nguo za wasimamizi.

Sasa, desturi yetu unaijua. Kwenye sherehe mtu hajiinui mwenyewe. Lazima mwingine asimame amwombee ijambo, yaani neno, na mkubwa wa shughuli akubali. Anayejisemea mwenyewe, hata awe na sauti ya malaika, wazee humtazama kama mtu aliyejipakulia nyama ya kwanza.

"Kaka, utatuombea?" Butoyi aliuliza.

"Hilo tu?" nikajibu. "Hesabu kwamba limekwisha."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Magoti ndiyo yenye mifupa.

Siku ya harusi mapacha walikaa nyuma, ikembe mapajani, macho kwangu. Kwanza walisimama wazee wa mahari, nikasema wacha wamalize. Kikaja chakula, na nani huomba neno watu wakiwa na nyama mdomoni? Halafu nikakiogopa Kirundi changu, ambacho kilikulia Tanzania kama mimi na kingechekwa. Mwishowe nikajituliza kwa methali, maana mvivu hakosi methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bwana wa studio akaaga, akapanda gari lake. Mapacha wakainuka. Butoyi alinipita karibu, akaniuliza kwa upole, "Kiti iko mzuri, kaka?"

Jumatatu nilimsimulia Mzee Saidi, na ile methali nikaipachika mwishoni kama kifungo cha dhahabu. Hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

"We Nestori, chema kinajiuza wapi? Ile koti mi nilishona tangu mwaka jana, iko mzuri kuliko zote. Imejiuza?" Koti lilikuwa ukutani, mabega meupe kwa vumbi. "Hiyo methali iko ya watu wa kukaa. Kinywa ya kula uko nayo. Ya kusema uliiacha Tanzania?"

Akakunja imvutano mbili, yale mavazi ya heshima ya kina mama, akaniwekea mapajani.

"Bon. Jumamosi iko sherehe ya kumfunua bibi arusi, kumtoa ndani watu wamuone, huko Gitega kwa wakwe, na ule mjomba atakuwa huko. Hizi ni za mama ya bwana arusi. Peleka. Sasa uko na sababu ya kutoka. Mais, lakini, usirudi na lile neno tumboni."

Nilipanda hadi Gasorwe kuwaomba radhi mapacha na kuwasihi twende wote Gitega. Baba yao alikuwa anatia mpini kwenye jembe jipya, na lingine lilikuwa tayari limeegemea ukuta. "Nawapa mpaka Jumapili," alisema, bila kuniangalia. Butoyi ndiye aliyenisindikiza hadi njiani.

"Na huko Gitega, viti viko?"

"Vitakuwepo. Nimeapa kuvichukia."

Nilikariri hotuba yangu njia nzima ya Gitega, hadi jirani yangu kwenye basi akaitikia amina. Tukafika, mapacha wakakaa nyuma, mimi nikakabidhi nguo, nikapewa kiti. Mzungumzaji wa pili hata hajakaa vizuri, nikasimama. Hotuba yote ikatoka kichwani kama maji kwenye kapu.

"Wewe ni nani?" mkubwa wa shughuli akauliza.

"Mimi ni fundi cherehani wa Muyinga." Sauti ilikatika, nikaiokota. "Wiki iliyopita nilikuwa na neno, nikalikalia. Wale wawili kule nyuma wanaimba. Ninawaombea ijambo."

Nikakaa. Kiti hakikuwepo. Mama mmoja alikuwa amekivuta kumpa mgeni wake. Nilikwenda chini mzima mzima, na limonadi yangu ikanifuata. Hema zima likacheka, mjomba wa studio kuwashinda wote, na katikati ya kicheko kile Bukuru akagusa ikembe. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kama mvua inayohamia mlima wa pili. Butoyi alipofika kwenye kiitikio, mjomba alikuwa ameweka glasi chini. Mimi nilikuwa bado kwenye nyasi, na sikuona haja ya kuinuka.

Yaliyofuata redio imekwisha kukusimulia. Picha niliyopiga nao sina, ndiyo maana hamniamini. Leo wana mashabiki wa kujaza kiwanja, kila mmoja simu juu, na mikono yangu miwili haiwaongezei kitu. Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli, lakini kwanza awepo mtu wa kwao wa kusema, "Mpeni nafasi."

Basi nisikilize. Umeniambia mara tatu kwamba yule rafiki yako wa gitaa ana kipaji. Mimi sina studio. Unaniambia mimi kwa sababu kwangu hakuna wa kukucheka. Akishakuwa mkubwa, kila mtu atasema alimjua. Msemee sasa, wakati kumsemea kunakutia aibu. Usingoje maneno yatimie ndipo usimame. Mimi yalinijia nikiwa nimesimama, tena machache. Na ukishindwa Jumamosi moja, usiifunike kwa methali. Kaombe radhi, utafute Jumamosi nyingine.

Jumamosi hii kuna sherehe ya mahari Gishubi. Nitakwenda nawe, mimi huyu ambaye hata chumvi huagiza ili nisitoke nyumbani. Neno utaliomba wewe. Mimi nitakushikia kiti.

Mungu akupe magoti mepesi, mwanangu, na sauti ambayo hata ikikatika itasikika. Na ukianguka, akuangushe mbele ya watu wenye kicheko chema. Sasa nenda ukamwambie rafiki yako akaze nyuzi.