Bibi na Maiti wa Sinema

Bibi yangu alikuwa mwosha maiti. Mwanamke akifariki pale Temeke au kule Chang'ombe, mtu alikuja kubisha hodi kwetu, na Bibi aliacha alichokuwa akifanya, akajitanda buibui, akaondoka naye. Chini ya kitanda tulicholala mie na yeye palikuwa na sanduku la bati, na ndani yake jora la bafta nyeupe ya sanda na karafuu maiti. Nilikua na harufu ile puani na wala sikuwahi kuiogopa, mpaka siku nilipopelekwa sinema.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Mama mdogo, aliyekuwa akikaa nasi, alizipenda sana picha za Kihindi, na kila Jumatano mchana jumba moja la mjini lilikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Siku hiyo picha ilikuwa imebadilishwa na sie hatukujua. Taa zilipozimwa tukasubiri nyimbo. Badala yake tukaona Wazungu na kurunzi zao wakifukua kaburi la mawe jangwani. Ndani ya kaburi alilala mtu aliyezongwa vitambaa toka utosini mpaka vidoleni. Akafumbua jicho moja.

Ukumbi mzima ulipiga yowe. Nilijifunika uso kwa buibui la mama mdogo, nikabaki namsikia tu yule maiti akiburuta mguu.

Jioni Bibi aliniambia nimletee mkasi kutoka sandukuni. Nilifika mlangoni pa chumba, miguu ikagoma.

"Una nini wewe?"

"Sanda itaamka, Bibi."

Mama mdogo ikabidi aseme tulikokuwa. Nilidhani atakaripiwa. Bibi akauliza tu, "Huyo maiti wenu, nani alimvika sanda?"

"Mie nitajuaje, mama?"

"Basi wakimwonyesha tena Jumatano, nitakwenda nikamtazame."

Bibi hakuwa amekanyaga sinema maisha yake yote. Jumatano alivaa kanga mpya ndani ya buibui, tukapanda basi watatu. Ukumbini alisoma bismillahi, akataka kukaa, kumbe kiti kilikuwa cha kujikunja. Kikajifunga nyuma yake, nusura akae sakafuni. Mwanamke mmoja wa Kiarabu, mke wa mwenye duka wa mtaa wetu, akamshika mkono na kumshushia kiti.

Maiti akaamka. Yowe likapigwa. Lilipotulia, sauti ya Bibi ikasikika ukumbi mzima.

"Itazameni kazi hiyo! Sanda inaning'inia mkononi kama bendeji iliyolegea. Na mikono wamemwachia. Kwa nini asitembee?"

Mstari wetu ukaangua kicheko. "Waambie, bibi!" akasema yule mke wa mwenye duka.

Maiti akamkaba koo Mzungu mmoja mwenye miwani. "Si mlimfuata nyumbani kwake?" Bibi akamuuliza Mzungu. "Mlitaka awapikie kahawa?"

Sasa walikuwa wanacheka hata wa mistari ya mbele. Nikatoa uso kwenye buibui, nikatazama. Kati ya vitambaa niliiona shingo ya yule maiti, na shingo ilikuwa inatoka jasho.

Mwishoni walimchoma moto pamoja na nyumba alimojificha. Wanawake wakapiga makofi. Bibi hakupiga. "Masikini," alisema. "Kafa mara mbili, na hata mara moja hakupata wa kumsitiri." Akainua viganja.

"Mama, yule anaigiza tu," mama mdogo alimnong'oneza.

"Najua. Kwani anayeigiza haombewi?"

Tuliporudi, Bibi alivuta sanduku uvunguni, akanikalisha mkekani na kunipa ncha ya bafta niishike. Alinionyesha jinsi anavyoipima na kuikata, na kwamba haishonwi kwa uzi, na vifundo hufungwa kwa upole kwa kuwa kaburini vitafunguliwa. "Hatumfungi mtu asitoke," alisema. "Tunamtayarisha apumzike." Nilishika mpaka akamaliza kukata. Usiku ule nililala vizuri.

Baada ya hapo tulikuwa watu wa Jumatano. Tuliona mtu aliyeota manyoya mwili mzima, tukaona mdudu mkubwa kuliko kituo cha reli, na Bibi aliwasemesha wote kama watoto wa jirani walioharibikiwa. Mke wa mwenye duka alikuwa akiwahi na kuweka mkoba kwenye kiti cha pembeni yake, ili Bibi akae hapo. Picha za mapenzi hazikumshika Bibi. Alitazama kidogo, akauliza kwa nini yule binti analia wakati wazazi wake wapo na wanaweza kupelekewa posa, kisha akasinzia. Lakini likitangazwa dubwana, mstari wetu ulijaa kabla ya mingine yote.